Kijani Upande Huu, Nyeusi Upande Ule

Jumamosi, 4 Machi

Wamegombana tena. Rangi! Watu wazima wenye mvi, wenye wajukuu nyumbani, wanapigiana kelele kuhusu rangi mpaka chai inapoa. Miaka yote hii sisi wanachama tumejenga kwa kujitolea kichwa cha garimoshi kipya kabisa, kuanzia skrubu ya kwanza, kwa sababu vile vya zamani vya aina yake vyote viliuzwa kama chuma chakavu kabla hatujapata akili ya kukiokoa hata kimoja. Hatukuwahi kugombana hivi. Hata boila ilipovuja hatukugombana. Sasa kimekamilika, kimesimama hapa karakanani Skelbeck na koti lake la kijivu la praima, ile rangi ya kwanza, kinangoja kuvikwa nguo tu — na ndiyo kwanza tunataka kutoana macho.

Makundi mawili. La kijani, kiongozi wake Clifford Umpleby, tarishi mstaafu wa posta. La nyeusi, kiongozi wake Rupert Garside, mwalimu mstaafu, asiyeweza kusema jambo bila kufundisha. Clifford anasema vichwa hivi vilizaliwa kijani, enzi za kampuni ya zamani, na baba yake aliviendesha vikiwa kijani. Garside anasema hakuna kati yetu aliyeviona kijani kwa macho yake. Sisi sote tulivijua vyeusi, baada ya serikali kuchukua reli, tena na masizi juu.

Mimi? Mimi ni nyeusi damudamu. Nimepaka mabasi rangi kiwandani maisha yangu yote. Nyeusi haina mzaha: bati likiwa na kibonde, itakusema. Kijani ni rangi ya kopo la biskuti. Nilimwambia Clifford hivyo mbele ya watu. Akanijibu, Thelma, mdomo wako ungekuwa brashi tungemaliza kazi mwaka juzi.

Mjinga yule! Nilicheka mpaka kwenye basi.

Jumatano, 8 Machi

Noreen Jowett, mwenyekiti wetu, amekata shauri. Ametumia akili ya zamani. Wakubwa wa kampuni walipokuwa wakishindwa kukubaliana, kichwa kilipakwa rangi moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, kikatolewa uani, wao wakakizunguka na viko vyao vya tumbaku mdomoni, ndipo wakaamua. Basi na sisi hivyo hivyo. Kushoto kijani, kulia nyeusi. Siku ya Wanachama, tarehe 8 Aprili, kila mtu akizunguke, atazame, apige kura. Atakayeshindwa anyamaze.

Garside akauliza, na atakayeshinda je, naye anyamaze? Noreen akamwambia, wewe Rupert utanyamaza ukizikwa, na hata hapo nina wasiwasi.

Kazi yote inaniangukia mimi, bila shaka. Pande mbili, rangi mbili, na mistari — nyekundu, maziwa, kijivu kwa ile nyeusi. Nyeupe na nyeusi kwa ile ya kijani. Na mwezi mmoja tu! Nyonga yangu imesikia habari hiyo ikaanza kuuma palepale.

Jumanne, 14 Machi

Leo nimechanganya kijani. Nilimwita Clifford aniambie ni kijani cha namna gani hasa, maana yeye ndiye anayekijua kwa maneno ya baba yake. Kijani cha tufaha? Cha majani makavu? Cha chupa? Akazungukazunguka. Akasema, cha baba, Thelma. Kile kilichowafanya watu waache majembe mashambani wapunge mikono. Nikamwambia, bwana wee, hiyo si rangi, hiyo ni hadithi, na mimi siwezi kuikoroga ndoani! Akacheka, akasema, wewe fanya, nakuamini.

Basi nimefanya. Kimetoka kizuri, sikatai. Kijani kizito, kilichoiva. Nimekoroga pia ile nyekundu nzito ya damu ya mzee, ya chasisi na magurudumu. Zote nimezichuja kwa soksi ndefu za nailoni, nimezimimina kwenye makopo yangu matupu, na juu ya kila kifuniko nimepaka dondoo la rangi iliyomo. Siandiki majina. Msimamizi wangu wa kwanza kiwandani alisema maandishi ni ya makarani. Mpaka rangi anasoma rangi.

Jumatano, 22 Machi

Mgongo. Mabega. Nyonga! Lakini upande wa kulia umeisha, mweusi, unang'aa mpaka nilijiona nilivyozeeka. Upande wa kushoto injini yote ni kijani. Clifford amepaka nami mchana kutwa. Mkono wake ni mzuri mno, sijui posta walikuwa wanaufanyia nini mkono ule. Anapaka kwa brashi ndefu, pole pole, huku anaimba vibaya. Kila mara, Thelma nipe kopo, Thelma niongezee. Nikamwambia, mimi ni mpishi wako? Akasema, wewe ni malkia wa makopo, mimi nani niyaguse.

Limebaki behewa la makaa, upande wa kushoto. Kesho nina miadi ya nyonga hospitali. Nimemwambia asubiri mpaka Jumamosi. Ameitika haraka mno. Namjua.

Ijumaa, 24 Machi

Sijui nianzie wapi.

Niliwahi leo ili niandae msasa. Clifford alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na chupa yake ya chai, anatabasamu mpaka masikioni. Akasema, fumba macho. Nikamwambia nina miaka sabini na moja, nikifumba macho nitalala. Akasema, fumba tu, mwanamke! Akanishika mkono, akanivusha reli taratibu kama anambeba bibi harusi. Akasema, haya, fumbua.

Alikuwa amelipaka behewa la makaa. Jana, peke yake, siku nzima, anishtukize kwa furaha. Lote, kutoka kona hadi kona.

Damu ya mzee.

Mbele injini ya kijani, nyuma behewa lenye rangi ya maini. Nilimtazama usoni nione kama ni mzaha. Hapakuwa na mzaha. Alikuwa ananingoja kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Akasema, mbona kimya? Angalia hapa panapokutana. Huwezi hata kujua injini inaishia wapi na behewa linaanzia wapi! Akapitisha kiganja pale kwenye kiungo, kijani huku, damu ya mzee huku, akarudisha tena.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Nikasema, Clifford, brashi yako haina hata mchirizi mmoja.

Na ni kweli, haina. Machozi yalimlengalenga, akajifanya anapangusa pua.

Nimerudi nyumbani nimekaa na koti mwilini. Clifford haoni kijani. Haoni kabisa! Kopo la kijani na kopo la damu ya mzee kwake ni ndugu mapacha, na mimi na madondoo yangu juu ya vifuniko. "Thelma nipe kopo." Miaka yote! Nami nilidhani ni uvivu.

Na pepo mmoja amekaa begani ananinong'oneza tangu mchana: Thelma, mwambie Garside neno moja tu. Moja. Kiongozi wa kijani haijui kijani! Wangecheka mpaka mabati yadondoke, na kura ingekwisha siku hiyo hiyo, na nyeusi yangu ingeshinda. Nimemfukuza pepo. Amerudi. Nimemfukuza tena.

Jumamosi, 25 Machi

Nimesema uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema tangu nilipomwambia mama mkwe kwamba pai yake ni tamu.

Niliamka alfajiri nifike wa kwanza, nipake kijani juu kabla ya watu. Wapi! Nimegusa kwa kidole: haijakauka barabara. Baridi hii. Ningepaka juu yake ingejikunja kama utando wa maziwa. Basi wakaja, wote, na Garside mbele. Akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, Thelma, umetumwagia mchuzi?

Watu kicheko. Clifford alikuwa nyuma yao na kikombe chake.

Nikasema — sijui ilitoka wapi — ni rangi ya chini, wewe usiyejua kitu. Kijani kikipakwa juu ya damu ya mzee kinapata kina. Ndivyo tulivyopaka mabasi. Hukuona mabasi yetu yalivyokuwa yaking'aa? Mimi ndiye niliyemwambia Clifford aanze na behewa tuone. Uongo mtupu, na sikupepesa hata jicho. Garside akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, kumbe, kila siku mtu anajifunza.

Lakini Clifford. Kikombe kilisimama katikati ya safari ya mdomo. Alitazama behewa. Akatazama injini. Akatazama behewa tena. Halafu akanitazama mimi. Akaweka kikombe juu ya meza ya mafundi, akachukua koti lake, akatoka. Noreen akauliza, ana nini huyu? Nikasema, tumbo.

Uongo wa pili.

Jumatano, 29 Machi

Hakuja. Clifford, asiyekosa Jumatano! Alikuja hata wiki ile aliyomzika mkewe. Simu inaita tu.

Nimepaka mistari vibaya leo. Nimefuta, nimerudia, nimefuta.

Alhamisi, 30 Machi

Nimekwenda kwake. Nyumba ya mwisho pale juu kilimani, na nyonga hii! Nilibisha mpaka jirani akatoa kichwa dirishani. Nikapaza sauti, Clifford Umpleby, nimebeba pai ya nguruwe na sitairudisha chini. Akafungua.

Akanimiminia chai, ya kwanza, ya pili. Halafu akasema, umejua tangu lini? Nikasema, Ijumaa. Akasema, na hukusema. Nikasema, nilikuwa nashangaa brashi.

Akacheka kidogo. Kisha akaanza kusimulia, na mimi nimenyamaza, jambo ambalo halijatokea mara nyingi.

Alikuwa na miaka kumi na tano. Baba yake alimpeleka mwenyewe karakana ya reli, amevaa kofia yake ya udereva, ameipiga brashi. Kijana aandikishwe kusafisha vichwa, baadaye apige makaa, mwisho awe dereva kama babaye. Daktari wa reli akaleta kikapu cha nyuzi za sufu, vishada vya kila rangi. Akasema, nitolee vya kijani vyote. Clifford akatoa. Akavipanga vizuri mezani, akajisifu moyoni kwamba amemaliza haraka. Daktari hakumtazama yeye. Alimtazama baba. Baba aliona ile meza, akavua kofia.

Basi. Nyekundu na kijani ndizo taa za reli, na asiyezitofautisha haruhusiwi hata kupanda. Njia nzima ya kurudi nyumbani baba alisema neno moja tu: posta wanachukua vijana. Hawakulizungumza tena mpaka mzee anakufa. Shuleni Clifford aliwaambia wenzake kwamba kazi ya reli aliikataa yeye, masizi yale ya nini. Na sisi karakanani alituambia hivyo hivyo, na tukaamini. Nikamuuliza, na mkeo? Akasema, alijua, ndiye aliyenichagulia soksi. Tangu afe navaa nyeusi tu.

Nikamuuliza lile lililonikaa kooni. Clifford, sasa kijani cha nini? Miaka yote umetupigia kelele kwa ajili ya rangi usiyoiona! Si bora ungekuwa upande wetu? Nyeusi unaiona.

Akasema, baba alisema kilipopita kijani, watu waliacha kazi wakapunga mikono. Kilipopakwa nyeusi hawakupunga tena. Alikuwa akilisema hilo kila Krismasi. Mimi rangi siioni, Thelma, lakini nyuso naziona. Naziona vizuri tu. Nataka nisimame kando ya reli niwaangalie watu wakikiona.

Nililia. Nayaandika haya nikiwa nimeshapangusa macho, lakini nililia palepale, mbele ya pai.

Akanishika mkono akasema, ukimwambia mtu, mtu yeyote, sirudi tena pale. Sitaki kuhurumiwa. Na Garside akinihurumia nitakufa. Nikaapa. Nikamwambia, Jumamosi njoo, mimi nitapaka kijani juu, itakwisha, hakuna atakayejua. Akasema ataona.

Jumamosi, 1 Aprili

Nilipoambiwa nilidhani ni utani wa Siku ya Wajinga. Si utani.

Mtu fulani alipiga picha lile behewa akaiweka kwenye tovuti yetu. Na watu wameipenda! Wanaandika kutoka kila pembe: rangi gani hiyo, uzuri gani huo, mistari ya dhahabu juu yake ingekuwaje! Noreen ana furaha isiyo kifani, wanachama wapya wanajiandikisha. Na Garside — Garside amehama! Amepekua vitabu vyake usiku na mchana, amegundua eti kabla ya kijani, mwanzoni kabisa mwa kampuni, vichwa vya kwanza vilikuwa vya rangi hiyo hiyo. Wazee hawa bwana. Paka rangi yoyote utakayo, hata waridi, kabla ya jua kuzama mmoja wao atakuletea ushahidi.

Kwa hiyo sasa makundi ni matatu. Nilikuwa na kopo la kijani mkononi, brashi tayari, ngazi imesimamishwa. Noreen akasema, Thelma, weka chini, behewa lisiguswe mpaka kura. Nikasema ni rangi ya chini tu, jamani! Akasema, basi ni rangi ya chini iliyo nzuri kuliko ya juu.

Clifford alikuja. Alisimama mlangoni kwanza, kama mgeni. Wakamvamia: Clifford, umebuni! Clifford, nani angefikiria! Walimpiga mgongo mpaka akakohoa. Akacheka nao. Macho yalikuwa kwangu. Tulipobaki wawili akasema, Thelma, wananisifu kwa kitu nisichokijua, na kinakwenda kuua nilichokitaka. Kisha akauliza, ni nzuri kweli? Nikamwambia ukweli. Ni nzuri. Akasema, ebo, na akaenda kuosha brashi zangu zote bila kuombwa.

Jumatano, 5 Aprili

Nimemshika Noreen pembeni. Nimeomba, nimebembeleza, nimetishia kuacha kazi. Hataki. Anauliza kwa nini nahangaika hivyo wakati mimi mwenyewe ni wa nyeusi. Ningejibu nini?

Na bado ni wa nyeusi. Naandika hapa ili nisijidanganye. Nikisimama upande wa kulia na kutazama ile nyeusi yangu, moyo unatulia. Halafu nazunguka kule kushoto, namwona Clifford amekaa juu ya kreti anakula mkate wake wa bekoni, anatazama kijani asichokiona. Narudi kulia haraka.

Jumamosi, 8 Aprili

Saa tatu asubuhi. Jua! Skelbeck, Aprili, na jua! Nimevaa gauni la arusi za watu. Kile kichwa kimekokotwa nje na injini ya dizeli, kimesimama uani, na nimewasikia watu wakivuta pumzi. Sijali wanachagua nini, ile pumzi niliitengeneza mimi. Mimi na Clifford.

Saa tano. Uwanja umejaa. Watoto mabegani. Wanazunguka, wanarudi, wanabishana. Upande wangu mweusi wanaume wanakunja mikono kifuani na kutikisa vichwa kama wako kanisani. Upande wa kushoto kuna kelele zaidi. Nimesimama kidogo nikawatazama usoni, sijui kwa nini. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alipokiona kijani alisema "oh", akamgeuza mtoto aone.

Clifford amehutubia. Kifupi mno. Amesimama juu ya kreti, kofia mkononi, akasema, mimi si msemaji, baba yangu alikuwa dereva, alikipenda kijani, nawaomba kijani. Akashuka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, lakini damu ya mzee umeipaka wewe, Cliff, na hiyo ndiyo kiboko! Watu wakacheka, wakapiga makofi. Naye akainama kama mcheza maigizo. Mimi tu nilijua.

Saa sita kasoro. Niko kwenye behewa la chai, dirisha wazi. Nyonga imegoma, nimeambiwa nikae, nipige kura mwisho. Naandika ili nisile biskuti zote. Kila mwanachama amepewa nati moja aitumbukize kwenye ndoo ya kundi lake. Yangu ninayo kiganjani, imeshapata joto. Foleni inasogea. Ting! Ting! Kila inapoangukia ndoo ya mtu, upande wake unashangilia.

Garside yuko kwenye foleni nyuma ya Clifford hasa. Anamsimulia kitu, mikono hewani. Clifford anaitikia.

Noreen amejitahidi na zile ndoo. Mwaka jana walibandika karatasi zikaloa mvua zikang'oka, ugomvi mpaka Pasaka. Safari hii amechukua masalio yangu ya rangi asubuhi akazipaka. Hakuna karatasi. Ndoo tatu sawasawa juu ya meza: moja nyeusi, moja ya kijani, moja damu ya

Mungu wangu.

Mungu wangu, ndoo.

Wamebaki wanne mbele ya Clifford. Nimeita, Noreen! Hasikii, ameshangiliwa mtu. Nimegonga kioo. Mama mmoja mwenye sinia la vikombe amenipungia mkono, mpumbavu.

Wawili.

Labda atabahatisha. Nyeusi ataijua, zinabaki mbili. Atumbukize yoyote, ageuke, aende zake, nani atajua? Hakuna! Tumbukiza tu, Clifford. Tumbukiza, mzee wangu, nakusihi.

Amefika. Amesimama. Mkono ameunyoosha juu ya meza. Umekwenda huku. Umerudi. Umekwenda tena.

Watu wanadhani anawafanyia mzaha, wanacheka. Garside anamwambia, haya mzee, umekuja kupiga kura au kuposa?

Clifford hacheki. Masikio yamemwiva mekundu, nayaona toka hapa. Mkono ameurudisha kifuani na nati ndani yake. Hakuangalia huku kwangu. Amegeuka nyuma. Amemgeukia Garside, na amesema kwa sauti, kwa ile sauti yake ya kuitia barua vibarazani, kila mtu uani amesikia:

"Rupert, hebu nioneshe. Ya kijani ni ipi?"

Hata watoto wamegeuka kutazama.

Garside ameanza kucheka, ameacha. Ametazama ndoo. Ametazama behewa la makaa kule, lote, kutoka kona hadi kona. Amemtazama Clifford. Amevua kofia.

Clifford amesimama pale na nati yake, anangoja aoneshwe.

Nyonga na iume. Nashuka.